Mwana wa Nandagala hana posho ya kusubiri

Wadau, leo tuongelee siku ya mwisho kazini. Siku ya kuanza kila bosi ni ndugu yako. Siku ya kuondoka ndipo unaposikia "pita wiki ijayo".

Sheria tunayo, tena si mbaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inasema ajira ikikoma mwajiri alipe mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo unayodai, pamoja na notisi na kiinua mgongo kama unastahili.

Sasa angalieni hapa. Kifungu cha 43 kinamhusu yule ambaye ajira yake imekoma mbali na mahali alipoajiriwa. Mwajiri lazima amrudishe alikomtoa, au ampe nauli, na pesa ya kujikimu kwa kila siku anayosubiri usafiri. Kwa hiyo kumchelewesha mgeni kunauma mfukoni.

Je, mwana wa Nandagala aliyeajiriwa hapo hapo Nandagala, kwenye shamba la mikorosho? Yeye kwao ni kwa miguu. Bosi akimwambia asubiri mpaka korosho ziuzwe, bosi haongezi hata senti. Kinachoongezeka ni deni la kibarua dukani!

Mtaniambia aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sawa. Lakini mgogoro wa mshahara unapelekwa ndani ya siku 60, na wa kuachishwa isivyo haki ndani ya siku 30. Hesabuni wenyewe: "pita wiki ijayo" mara tisa tu, muda umekwisha, unaanza kuomba kibali cha kuchelewa.

Na asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa. Kifungu cha 15 kinasema mwajiri akishindwa kuuonyesha, mzigo wa kuthibitisha makubaliano ni wake.

Wenzetu wa California, Marekani, wameziba tundu hili. Ukifukuzwa, unalipwa papo hapo. Ukiacha bila notisi, ndani ya saa 72. Mwajiri akichelewesha kwa makusudi, mshahara wa siku unaendelea kuhesabiwa, hadi siku 30.

Maoni yangu: wabunge waweke idadi ya siku, na kila siku ya kuchelewa iwe na bei, kwa mgeni na kwa mwenyeji. Bila hivyo "wiki ijayo" haitakwisha.

Mnasemaje, wadau?