Mtoto anapokwenda kuishi kwa watu Hispania

Mzazi, binti yako amepata nafasi ya kusoma Kihispania Salamanca, mji ambao chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1218. Shule ya lugha inamtafutia familia ya kukaa nayo. Hofu yako ni halali. Kabla ya kulipa, uliza shule: ni nani wanaishi katika nyumba hiyo? Chumba chake kina kufuli? Wasipoelewana, nani atamhamisha?

Mwandae kwa chakula pia. Huko cha mchana huliwa saa nane au saa tisa, na cha usiku saa tatu au nne. Nyama ya nguruwe ni ya kawaida mezani. Kama hali, iandikwe kwenye fomu mapema, asije akakataa sahani mbele ya mama mwenye nyumba.

Lugha yenyewe isimtishe. Irabu zao ni tano kama zetu, na ñ hutamkwa kama ny ya nyama.

Ila faida ya kukaa na familia iko mezani na jikoni. Akishinda chumbani anachati nanyi kwa Kiswahili, ada imekwenda bure. Kubalianeni siku za kupigiana simu, nawe uvumilie ukimya wa katikati. Lakini mwambie wazi kabla hajapanda ndege: akiona jambo linalomtia hofu katika nyumba ile, apige saa yoyote, hata usiku wa manane. Utapokea, na utamwamini.