Kupima mbio ni rahisi, kupata faida ni kazi

Timu kubwa za dunia hazimwachi tena kocha ategemee macho yake peke yake. Mchezaji huvalishwa fulana ya kubana yenye kifaa kidogo mgongoni, kati ya mabega. Kifaa hicho hupokea mawimbi ya setilaiti na kurekodi umbali aliokimbia, kasi yake na mara ngapi aligeuka ghafla. Mwaka 2015 vifaa hivyo viliruhusiwa kuvaliwa hata katika mechi za soka.

Biashara hii imewagusa wenye hisa pia. Kampuni ya Catapult, iliyoanzishwa Melbourne mwaka 2006, iliingia katika soko la hisa la Australia Desemba 2014 kwa senti 55 kwa hisa. Mwaka 2016 ilikusanya dola milioni 100 za Australia kwa kuuza hisa mpya kwa dola 3 kila moja, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikanunua kampuni ya XOS ya Marekani, inayohudumia timu kwa picha za video. Kufikia mwisho wa mwaka 2022 hisa hiyo hiyo haikufika dola 1. Aliyeweka dola 1,000 kwa bei ya 2016 alibakiwa na mali isiyofika dola 340.

Bei ya hisa hushuka kwa sababu nyingi. Hata hivyo, biashara yenyewe ina vikwazo vitatu ambavyo mnunuzi wa hisa hapaswi kuvipuuza.

Kwanza, wateja wa daraja la juu wanahesabika. Ligi Kuu ya Uingereza ina timu 20, NFL ya Marekani 32 na NBA 30. Ukishamuuzia kila mmoja, utauza nini mwaka ujao?

Pili, takwimu hazijisemei zenyewe. Beki aliyekimbia kilomita nyingi huenda alijituma, au alikuwa akifukuzia makosa ya kukaa mahali pabaya. Kipimo kilichosifiwa sana, cha kulinganisha kazi ya wiki moja na wastani wa wiki nne ili kubashiri majeraha, kimepingwa vikali na wataalamu wa hesabu. Timu inayonunua vifaa bila kuajiri mtu wa kuvisoma imenunua pambo.

Tatu, kuna swali la mali ni ya nani. Katika mkataba wa mwaka 2017 kati ya NBA na chama cha wachezaji, kuvaa vifaa kulibaki hiari, na takwimu zake zilikatazwa kutumika katika majadiliano ya mishahara. Usiri nao una gharama. Mwaka 2016 ofisa wa zamani wa timu ya besiboli ya St. Louis Cardinals alifungwa miezi 46 kwa kuingia kinyemela katika kompyuta za Houston Astros, na mwaka uliofuata klabu yake ikaamriwa kuilipa Astros dola milioni 2 za Marekani.

Je, mwekezaji akimbie? La hasha. Catapult iliacha kutegemea mauzo ya vifaa vya mara moja, ikageukia ada ambazo timu hulipa kila mwaka. Mwaka 2025 hisa yake ilipita dola 6. Mwenye duka anaielewa hesabu hiyo: mteja anayerudi kila mwezi ana thamani kuliko anayenunua kwa kishindo na kutoweka.

Funzo ni kwamba ugumu wa teknolojia hii hauko katika kupima. Uko katika kumpata anayejua kusoma kipimo, mchezaji anayekubali kupimwa na timu inayolipa tena mwakani. Mwenye fedha zake aulize hayo matatu kabla ya kuvutiwa na majina ya klabu maarufu katika orodha ya wateja. Jina kubwa hupamba taarifa ya kampuni, lakini gawio hutoka katika ada iliyolipwa.