Mkono Huchelewa Kujua

Ufundi hausomwi, ufundi hushikwa kwa mkono. Kauli hiyo inapendwa na mafundi wa kila aina, na wajenzi wa reli za mfano wameifanya kama sheria. Kijana akiuliza asome nini kabla ya kuanza, huambiwa aache vitabu, anunue mbao, apigilie reli, atajifunza humo humo kazini. Nasema ushauri huo ni mbaya. Unawamalizia watu fedha na muda, na mwisho unaua mapenzi yenyewe waliyokuja nayo.

Tuanze na kazi ilivyo. Treni za mfano ni treni ndogo za umeme zinazotembea juu ya meza, kila kitu kikiwa kimepunguzwa kwa kipimo kimoja. Kipimo maarufu kuliko vyote, HO, hupunguza mara 87, hivyo kilomita moja ya reli ya kweli huwa mita 11 na nusu. Ni nyumba ngapi zenye chumba cha urefu huo? Kwa hiyo, kabla ya nyundo, kuna uamuzi: kipi kiingie, kipi kiachwe, kona ipite wapi, na mtu asimame wapi ili mkono wake ufike kila mahali. Huo ndio usanifu wa reli, na hapo ndipo mkono unaposhindwa kuwa mwalimu.

Nayasema haya kwa kuwa yalinikuta. Reli yangu ya kwanza niliijenga kwa kuufuata ushauri huo huo. Nilitaka njia moja ipande na kupita juu ya nyingine, nikaiachia mita moja ya kupandia. Ili treni ipite chini ya daraja, inahitaji nafasi ya kama sentimita 8. Sentimita 8 ndani ya mita moja ni mwinuko wa asilimia 8. Injini ilipanda na behewa moja. Nilipofunga la pili, magurudumu yalizunguka pale pale bila kusogea. Kwa mwinuko wa asilimia 2, ambao injini ndogo huumudu bila taabu, ningehitaji mita 4, na mita 4 sikuwa nazo. Hesabu hiyo ni ya dakika moja kwa penseli. Mimi niliijua baada ya miezi mitano ya kubandika, kupaka rangi na kupanda miti, na nikalazimika kubomoa.

Wapo watakaosema, basi si umejifunza? Nilijifunza, lakini kosa moja tu. Bado lilikuwapo la kona mbili zinazopingana: ukiunganisha kona ya kushoto na ya kulia bila kitu katikati, mabehewa marefu huvutana pembeni na kuangushana. Dawa yake ni kuweka katikati kipande cha reli iliyonyooka, chenye urefu usiopungua ule wa behewa refu kuliko yote. Bado lilikuwapo la njia ya kiwandani: injini ikiingia ikivuta mabehewa, na hakuna njia ya pembeni ya kuizungusha ikaje upande wa pili, imenaswa ukutani. Mkono hufundisha kosa moja moja, na ada ya kila somo ni ubomoaji. Majuto ni mjukuu, na katika kazi hii mjukuu huyo huzaliwa wakati gundi imeshakauka.

Sasa tazama kitabu. Mwaka 1963 John Armstrong, mhandisi Mmarekani, alitoa kitabu chake cha kupanga reli za mfano, *Track Planning for Realistic Operation*. Alimfundisha msomaji aanze kwa kuorodhesha mambo mawili: yale asiyoweza kuyabadili, kama ukuta, mlango na ukubwa wa chumba, na yale anayoyatamani. Kisha akampa kipimo chepesi cha kukigawa chumba katika miraba, ubavu wa kila mraba ukiwa ni nusu kipenyo cha kona pamoja na mara mbili ya nafasi kati ya njia na njia. Ukiihesabu miraba hiyo, unajua mara moja kama ndoto yako inaenea chumbani. Na Armstrong hakuwa mtu wa makaratasi matupu. Alikuwa na reli yake mwenyewe nyumbani kwake Silver Spring, Maryland. Kitabu chake ni mkono uliokwisha kukosea, ukatuandikia sisi tusirudie.

Uingereza nako, mwaka 1957, Cyril Freezer alichapisha mchoro wa stesheni ndogo ya mwisho wa njia, akauita Minories. Unaenea katika urefu wa takriban mita mbili, na hadi leo watu wanaujenga na kuugeuza watakavyo. Umedumu kwa sababu mlango wa stesheni ulipangwa kwa akili, kona zinazopingana zikapunguzwa hadi treni ndefu zinaingia na kutoka kwa utulivu. Anayeunakili bila kuuelewa atapata stesheni moja. Anayeuliza kwa nini kila reli imegawanyika pale ilipogawanyika atapata uwezo wa kuchora za kwake.

Hoja nzito ya wapinzani naijua, na ni ya kwetu. Mafundi wa Matondoni na Nungwi huunda majahazi bila mchoro, kwa jicho na mkono, na majahazi yao yanakata bahari. Ni kweli, nami nawavulia kofia. Lakini fundi yule hakuanza peke yake. Alikua miguuni mwa mzee wake, na kila alipoelekea kukosea palikuwa na sauti ya kumwambia, mwanangu, si hapo. Mjenzi wa reli za mfano mara nyingi yuko chumbani peke yake. Nani atamwambia si hapo? Kitabu ndicho mzee wake.

Hoja hii inamgusa zaidi kijana wa Nairobi au Tabora anayetamani kuijenga reli aliyoiona utotoni, ile ya upana wa mita moja. Kwa kipimo cha HO, reli hiyo huwekwa juu ya njia ya milimita 12. Huenda mtaani kwake hakuna mwingine mwenye mapenzi hayo, wala duka la kumbadilishia kilichoharibika. Kumwambia mtu huyo ajifunze kwa kukosea ni kumtoza ada kubwa kuliko wote.

Kupiga rangi, kulehemu waya, kusikiliza kiungo cha reli kinacholia vibaya: hayo mkono utamfundisha, na kitabu hakiwezi kuyashindania. Lakini kila kitu na zamu yake. Akija kijana kukuuliza aanzie wapi, mpe kitabu, penseli na karatasi ya miraba. Mwache achore, afute, achore tena. Kosa la karatasini hufutwa kwa kifutio.