Mbolea ya ruzuku imfikie mkulima kabla ya mvua

Mgala muue na haki yake umpe. Serikali ya Rais William Ruto iliposhusha bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 hadi Sh3,500 mwezi wa Septemba 2022, kisha hadi Sh2,500 mwaka wa 2023, ilimtua mkulima mzigo mzito. Mapema mwaka wa 2022 mfuko huo ulikuwa ukiuzwa zaidi ya Sh6,000 madukani.

Hata hivyo, naona kuwa tumeisifu bei mno tukaisahau njia. Bei inayotangazwa Nairobi siyo gharama anayoibeba mkulima hadi shambani mwake.

Tuchukue mfano wa Kaunti ya Trans Nzoia, mojawapo ya maeneo yanayoilisha nchi hii mahindi. Mkulima wa ekari moja kule Endebess au Cherangany hana budi kuandikishwa, kusubiri ujumbe kwa simu, kisha kusafiri hadi kwenye ghala. Akikuta mbolea imekwisha, hurudi mikono mitupu na nauli imekwenda. Mwenye ekari 50 hutuma lori mara moja, na gharama ya safari ikagawanyika kwa mifuko mingi. Yule wa ekari moja hulipa nauli nzima, na bodaboda juu yake, kwa ajili ya mfuko mmoja tu. Basi ruzuku ile ile humfaa zaidi aliye nacho kuliko asiye nacho.

Wahenga walisema, kawia ufike. Hekima hiyo haimfai mkulima wa mahindi. Mbolea ya kupandia hutiwa shimoni pamoja na mbegu, kwa maana fosforasi iliyomo haisogei sana udongoni. Ikimwagwa juu baada ya mimea kuota, mizizi haiipati ipasavyo. Na katika nyanda hizo za juu mahindi ni ya msimu mmoja mkuu kwa mwaka, yakipandwa mvua ya Machi na Aprili. Mfuko unaofika Mei, hata ungekuwa wa bure, umechelewa mwaka mzima.

Isitoshe, mwaka wa 2024 iligunduliwa kuwa mbolea isiyofaa ilikuwa imeuzwa kwa wakulima kupitia mpango huu. Mwezi wa Mei Bunge la Taifa lilipiga kura kumwondoa Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Bw Mithika Linturi, kisha kamati teule ikasema tuhuma dhidi yake hazikuthibitishwa. Wakulima waliahidiwa fidia. Lakini ni fidia gani inayoweza kuurudisha msimu uliokwisha kupita?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mbolea iwe imefika mashinani kabla ya mwisho wa Februari. Vituo vilivyofunguliwa kupitia vyama vya ushirika katika sehemu kadhaa vimeonyesha kuwa jambo hili lawezekana. Viongezwe hadi kila wadi iwe na chake. Katiba ya 2010 iliwapa magavana jukumu la kilimo, kwa hivyo wasikae kando wakiilaumu serikali kuu.

Pili, kila shehena ipimwe kabla ya kuuzwa, na matokeo yabandikwe mlangoni mwa ghala. Mkulima hana maabara. Macho yake huona gunia tu.

Tatu, idadi ya mifuko iliyopokewa na iliyouzwa katika kila kituo itangazwe hadharani, katika baraza la chifu na kwenye ubao wa ghala. Mabroka hustawi mahali ambapo hesabu imefichwa.

Ruzuku ni fedha za wananchi, wala si hisani ya mwanasiasa yeyote. Kwa sababu hiyo tusiipime kwa hotuba wala kwa picha za malori yakiondoka bandarini Mombasa. Tuipime kwa jambo moja: je, mjane mwenye ekari moja alikuwa na mbolea halali mkononi siku mvua ilipoanza kunyesha?