Ubunifu Haukaririwi

Mtaala wa Umilisi unaofuatwa katika shule zetu umeutaja ubunifu miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Hilo ni la kupongezwa. Hata hivyo, nachelea kwamba zile ziitwazo fikra za usanifu zitageuzwa somo la kukariri: fahamu haja ya mtumiaji, bainisha tatizo, zua mawazo, unda kielelezo, kijaribu. Mwanafunzi atazitaja hatua zote tano bila kukosea, ilhali hajaunda chochote.

Nadharia za ubunifu hazituelekezi huko. Mwaka 1926, Mwingereza Graham Wallas alieleza kwamba wazo jipya huanza kwa maandalizi, likaatamiwa kimyakimya akilini, ndipo likachomoza na hatimaye kuhakikiwa. Naye Mmarekani J. P. Guilford, aliyewahimiza wanasaikolojia wenzake mwaka 1950 kuuchunguza ubunifu, alitofautisha fikra zinazotawanyika kusaka majibu mengi na zile zinazokusanyika kwenye jibu moja lifaalo.

Kiswahili kina vitenzi viwili viwezavyo kuubeba mzigo huo: kubuni na kusanifu. Anayebuni huleta lisilokuwapo. Anayesanifu hulipanga na kuliondolea kasoro. Fikra za usanifu ni kwenda na kurudi baina ya vitendo hivyo viwili, wala si ngazi ya kupandwa mara moja.

Tazama jiko la makaa lenye kauri ndani yake, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980. Wazo lilitoka Thailand, lakini jiko lenyewe halikunakiliwa tu. Watafiti na mafundi wa jua kali walilibadilisha umbo, wapishi wakalitumia na kulikosoa, nalo likarudi karakanani kurekebishwa.

Je, shule zetu zinatoa nafasi ya kurudi karakanani? Mara nyingi kinachotuzwa ni kifaa kilichokamilika, hata kama kimeundwa usiku na mzazi au kununuliwa dukani. Mtoto wa maskini aliyejaribu mara tatu, kifaa chake kikavunjika, huambulia alama za chini, ingawa ndiye aliyebuni.

Napendekeza walimu wasahihishe safari pamoja na kikomo chake: michoro iliyoachwa, maswali aliyoulizwa mtumiaji, sababu za kubadili nia. Nanyi wanafunzi, msizifiche kazi zilizowashinda. Zileteni darasani zijadiliwe. Mwanzo wa ngoma ni lele.