Taa isiyomwona anayesubiri



Mpendwa msomaji, fikiria uko kwenye pikipiki alfajiri, unawahi Misa ya kwanza. Taa ni nyekundu, unasimama. Njia zote ni tupu. Dakika ya kwanza inapita, ya pili, ya tatu. Taa haibadiliki. Haijaharibika, ila haijui kwamba upo.

Jambo hili huwapata waendesha pikipiki kule Marekani. Taa nyingi za huko hazifuati saa peke yake. Chini ya lami umezikwa waya uliozungushwa, nao unapitisha umeme. Gari likisimama juu yake, chuma chake hubadilisha umeme ule kidogo, na kisanduku cha kando ya barabara kinajua kuna mtu anasubiri. Wengi hudhani kinachopimwa ni uzito. Sivyo, ni chuma. Pikipiki ina chuma kidogo, hivyo mara nyingine kisanduku hakishtuki. Wenye uzoefu husimamisha magurudumu juu kabisa ya ule mstari uliokatwa kwenye lami, mahali waya ulipopita. Hata hivyo, kuna siku inashindikana.

Mtu huyo afanyeje? Akivuka, amevunja sheria. Akibaki, anangoja gari lije nyuma yake limwombee njia, na huenda lisije.

Jimbo la Illinois lilimtafutia jibu. Tangu mwaka 2012 sheria yake inamruhusu mwenye pikipiki au baiskeli kuvuka taa nyekundu iliyoshindwa kumtambua. Leo inataka asubiri angalau sekunde 120, kisha awapishe wengine kama mtu aliyesimama kwenye alama ya kusimama. Jiji la Chicago halimo katika ruhusa hiyo.

Nilipolisoma hilo nilikumbuka darasa la maadili seminarini. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alitoa mfano wa mji wenye sheria kwamba malango yabaki yamefungwa. Je, maadui wakiwafukuza walinzi wa mji huo huo, malango yasifunguliwe? Yafunguliwe, anasema, kwa sababu aliyetunga sheria alitaka mji uokoke. Lakini anaongeza neno ambalo wengi wetu hulisahau: kama hatari si ya ghafla, usijiamulie mwenyewe, mwendee mwenye mamlaka.

Kwa hiyo, kijana wangu wa bodaboda, usikate kipande hiki ukamwonyeshe trafiki. Taa inayokuona, itii. Kuwa na haraka hakukufanyi uwe umesahauliwa, na abiria uliyembeba ana watoto wanaomsubiri nyumbani.

Neno hili nalielekeza zaidi kwetu tunaoshika taa. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja dereva wa bodaboda alikuja ofisini kwangu kuomba mtoto wake abatizwe. Nilimwuliza barua ya jumuiya. Hakuwa nayo. Jumuiya yake ilisali Jumamosi asubuhi, saa ambayo yeye alikuwa barabarani akitafuta hesabu ya tajiri. Nikamwambia aende akahudhurie kwanza, ndipo arudi. Utaratibu ule ni mzuri, nami bado nautetea: unatuhakikishia kwamba mtoto atalelewa katika imani. Ila sikumwuliza hata swali moja zaidi. Hakurudi.

Mwaka jana nilimkuta kijiweni. Mtoto yuko darasa la kwanza, hajabatizwa. Nikamwuliza kwa nini hakurudi. Akanijibu kwa upole, "Nilidhani hamnitaki, Padri." Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya wenzake. Sasa mtoto anaandaliwa, na katekista huenda kwao jioni, baba akishapaki pikipiki.

Kumbuka yule mama aliyetokwa damu miaka 12 (Mk 5:25-34). Umati mzima ulikuwa unamsonga Yesu, lakini aliyesimama kwa ajili yake ni yule mmoja aliyegusa vazi kwa woga. Wanafunzi walishangaa swali lake, maana wao waliona umati tu. Bwana alimtambua mwenye mguso mwepesi kuliko wote.

Kanuni ya mwisho kabisa ya Sheria za Kanisa, ya 1752, inatukumbusha kwamba wokovu wa roho za watu ndiyo sheria iliyo kuu. Haikuwekwa pale ili tuzitupe zile 1751 zilizotangulia. Imewekwa ili tujue zote zinaelekea wapi.

Paroko mwenzangu, katekista, mwenyekiti wa jumuiya: wiki hii fungua daftari lako utafute jina moja lililoacha kuonekana. Mfuate, umwulize alisubiri nini kwetu akakikosa. Usianze na michango.

Nawe uliyesimama muda mrefu mbele ya mlango wa Kanisa, ukaona hakuna anayekuona, usigeuze pikipiki. Rudi ugonge tena, hata kama si saa za ofisi. Kama ni mimi niliyekupita bila kukuona, niambie.

Nakutakia Dominika njema.