Olajuwon, Bingwa wa Kuzuia

Ndugu msomaji, waulize vijana wa mtaani kwako wanaopenda mpira wa kikapu ni nani aliyepata pointi nyingi kuliko wote katika ligi kuu ya Marekani, NBA. Watakujibu kabla hujamaliza swali. Watakuambia kwamba Kareem Abdul-Jabbar aliishika rekodi hiyo kwa pointi 38,387, mpaka LeBron James alipompita mwezi wa Februari, 2023. Sasa waulize swali la pili: ni nani aliyezuia mitupo mingi kuliko wote, akawanyima wapinzani wake pointi walizodhani wamekwisha zipata? Hapo wengi watatazamana.

Jibu ni Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, Nigeria. Ligi hiyo ilianza kuhesabu mitupo inayozuiwa katika msimu wa 1973-74, na tangu hapo hakuna aliyeifikia hesabu yake ya 3,830, aliyoiacha alipostaafu mwaka 2002. Anayemfuata ni Mwafrika mwenzake, marehemu Dikembe Mutombo wa Kongo, mwenye 3,289. Hata kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, aliyeteuliwa wa pili timu za ligi hiyo zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2009, alijipatia jina katika Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kazi hiyo hiyo ya kuzuia.

Olajuwon alizaliwa tarehe 21 Januari, 1963, na wazazi waliokuwa wakifanya biashara ya saruji. Alipokuwa shuleni alicheza mpira wa mikono, na katika soka alikuwa golikipa. Alikuwa amekwisha pita umri wa miaka 15 alipoanza kujifunza mpira wa kikapu, mchezo ambao vijana wa Marekani huuanza wangali watoto wadogo. Kwa hesabu ya kawaida tungesema kwamba huyu amechelewa, na pengine mzazi mwingine angemshauri aache.

Lakini fikiria, ndugu msomaji, golikipa hujifunza nini. Hujifunza kuisoma miguu ya mshambuliaji kabla mpira haujaondoka. Hujifunza kutokurupuka, maana akiruka mapema amefungwa, na akichelewa amefungwa vile vile. Katika mpira wa kikapu sheria ni kali zaidi: mpira uliotupwa unaweza kuzuiwa ungali unapanda, lakini ukianza kuteremka kuelekea kikapuni, kuugusa ni kosa na wapinzani hupewa pointi zao. Kwa hiyo urefu peke yake hautoshi, hata ukiwa urefu wa kiasi cha meta 2.13 kama wake. Olajuwon mwenyewe alieleza kwamba wepesi wa miguu yake ulitokana na michezo ile ya utotoni. Miaka aliyokaa golini haikupotea.

Mwaka 1980 alikwenda Chuo Kikuu cha Houston, kwa mwalimu Guy Lewis. Mwaka wa kwanza hakucheza mechi za chuo. Wakati wa likizo alifanya mazoezi na Moses Malone, aliyekuwa mmoja wa wachezaji bora kabisa wa ligi nzima, akasukumwa na kuangushwa na mtu aliyemzidi nguvu na ujuzi, na siku ya pili akarudi tena. Matunda yakaonekana, ila hayakuja bila uchungu. Mwaka 1983 Houston ilishindwa fainali ya vyuo kwa 54-52, kwa mpira uliotiwa kikapuni katika sekunde ya mwisho. Mwaka 1984 ikashindwa fainali tena, na Georgetown. Mwaka huo huo timu ya Houston Rockets ilimteua kuwa wa kwanza miongoni mwa wachezaji wapya, wakati Michael Jordan aliteuliwa wa tatu. Mwaka 1986 akaifikisha Rockets fainali, ikashindwa na Boston Celtics.

Ilimpasa kungoja miaka minane zaidi. Tarehe 19 Juni, 1994, Rockets ilikuwa nyuma kwa mechi tatu kwa mbili mbele ya New York Knicks. Katika mechi hiyo ya sita iliongoza kwa 86-84, na sekunde chache tu zilibaki. John Starks wa New York akajiandaa kutupa kutoka mbali, mtupo wa pointi tatu ambao ungeipa timu yake ubingwa. Olajuwon akamwendea, akanyosha mkono, na ncha za vidole vyake zikaugusa mpira. Haukufika. Siku tatu baadaye Rockets ilishinda mechi ya saba kwa 90-84, ikawa bingwa kwa mara ya kwanza. Msimu huo Olajuwon alitangazwa mchezaji bora wa ligi, mlinzi bora wa ligi na mchezaji bora wa fainali. Hakuna mwingine aliyewahi kupata heshima hizo zote tatu katika msimu mmoja. Mwaka 1995 timu yake ikautwaa ubingwa tena.

Mwaka huo wa 1995 alifanya jambo jingine ambalo wazazi watalielewa upesi. Wachezaji wenye sifa kama yake walikuwa wakitangaza viatu vya bei ya kutisha, na watoto wa maskini wakiwalilia wazazi wao wavinunue. Yeye alikubali jina lake litiwe kwenye kiatu cha Spalding kilichouzwa kwa dola 35 hivi, kwani aliona kwamba mama mfanyakazi mwenye watoto kadhaa hana uwezo wa kununua vile vingine.

Ndugu msomaji, dunia hupenda kuhesabu kilichoingia. Kilichozuiwa hakina mahali pake kwenye ubao wa magoli. Kiwandani, tunamsifu aliyetoa bidhaa nyingi, tukamsahau fundi anayetia mafuta mashine kabla haijaharibika. Nyumbani, mshahara unaoletwa unaonekana na kila mtu. Lakini mama aliyechemsha maji ya kunywa amezuia maradhi ambayo hayakuja, na kwa kuwa hayakuja hakuna anayemshukuru. Kadhalika, kaka mkubwa anayemtoa mdogo wake katika kundi baya hapewi kikombe.

Ligi ile ilipoanza kuhesabu mitupo iliyozuiwa, ndipo ilipowezekana kumjua bingwa wa kazi hiyo. Bill Russell na Wilt Chamberlain, mabingwa wa kuzuia waliotangulia, walikwisha acha kucheza kabla ya hapo, na hesabu yao haimo katika rekodi. Ndivyo inavyokuwa pia katika jamaa zetu: asiyehesabiwa hupita, na kazi yake ikapita naye.

Basi mtoto wako anaporudi jioni kutoka uwanjani na vumbi lake, usimuulize tu amefunga mangapi. Muulize pia amezuia mangapi, kisha umsikilize.